Sahifa za Mwenda kwa Miguu: Nini cha Kusoma Kabla ya Kuingia Porini Nyantakara

Mtu wa Nyantakara hafundishwi kutembea. Tangu utotoni amekwenda shule kwa miguu, amekwenda mnadani kwa miguu, amefuata kuni, uyoga na asali katika misitu iliyotanda baina ya Biharamulo na Ngara, na wazee wake, Washubi na Wahangaza na Wazinza, walikwenda masafa ambayo leo hata mwenye pikipiki huyafikiri mara mbili kabla ya kuyaanza. Walakini upo mwendo wa namna nyingine ulioanza kupata wapenzi miongoni mwa walimu, matabibu, watumishi wa serikali na vijana waliorejea kutoka vyuoni, nao ni ule wa kuondoka alfajiri siku ya mapumziko, begi mgongoni na maji ya kutosha, kupanda kilima ambacho mtu hana shamba juu yake wala haja ya kuni, kuitazama nchi kutoka huko, kisha kurudi jioni na uchovu ulio mtamu. Aliyekwisha kuuonja mwendo huo hakawii kuuliza asome nini ili aende mbali zaidi na arudi salama. Na maadamu swali hilo nimeulizwa na watu kadha wa kadha, nimeona si haba kulijibu kwa tafsili.

Jambo lenyewe ni zito kuliko linavyodhaniwa, maana aliyepotoshwa na maandishi akiwa barazani kwake hupoteza wakati tu, ilhali aliyepotoshwa na maandishi hayo hayo akiwa msituni huweza kupoteza njia, maji, na pengine uhai. Mwaka 1943, mwezi wa Januari, mateka watatu wa Kiitalia waliokuwa wamefungwa na Waingereza karibu na Nanyuki, yaani Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambini wakiwa na nia moja ya ajabu: kuupanda Mlima Kenya, kisha kurejea kambini kwa hiari yao. Vifaa vyao vya kupandia walivitengeneza wenyewe kwa siri, na chakula walikidunduliza kidogo kidogo. Lakini ramani hawakuwa nayo, na miongoni mwa vielelezo vyao vikuu ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Picha ya kopo huonyesha jinsi jabali lilivyo zuri likitazamwa kwa mbali. Haisemi upande upi una barafu, wala bonde lipi halina njia ya kutokea. Kilele cha Batian kiliwashinda. Wawili kati yao walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao huko, wakashuka na njaa iliyokaribia kuwaua, wakarudi kambini kupokea adhabu. Benuzzi aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka kwa Kiitalia mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952, na hadi leo sijui kitabu kingine kihusucho milima ya Afrika Mashariki kinachomwonyesha msomaji kwa uwazi kama huo tofauti iliyopo baina ya picha ya mahali na maarifa ya mahali.

Nalitaja hilo kwa kuwa aghalabu ya maandishi anayoyakuta mtu wa leo, akiitafuta safari kwa simu yake, ni picha za namna ile ya kopo. Zinapendeza na zinatia shauku, bali aliyeziweka hakupita mahali hapo kwa miguu yake, au alipita na hakusema lini. Rai yangu ni kwamba maandishi mema juu ya matembezi hujulikana kwa mambo hayo mawili kabla ya mengine yote: mwandishi alipita mwenyewe, na ametaja mwezi na mwaka aliopita. Mwenye kuyaficha hayo, ajapokuwa fasihi wa lugha, asifuatwe.

Tuanze na yaliyo makongwe. Wapanda milima wa Moshi walikuwa na chama chao tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1932 kikatoa jarida lililoitwa Ice-Cap. Baada yake, mwaka 1936, likaanza Dar es Salaam jarida la Tanganyika Notes and Records, ambalo halikuwa la wapanda milima tu, bali lilikusanya habari za nchi kwa jumla, mito na makabila, majabali na magofu, zikiandikwa na watu waliokaa mahali na kupatembelea kwa makini. Toleo lake la namba 64, la Machi 1965, lilihusu Kilimanjaro peke yake, na mwenye kulipata atastaajabu kuona jinsi elimu ya mawe, ya mimea, ya barafu na ya watu ilivyowekwa pamoja bila mwandishi mmoja kumdharau mwenziwe. Nairobi nako Chama cha Wanyamapori cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1961, kimekuwa kikitoa jarida la Swara, na Klabu ya Milima ya Kenya imetoa kitabu cha kuwaongoza wapandaji wa Mlima Kenya na Kilimanjaro. Hayo yote ni kwa Kiingereza. Kwetu Tanzania lilikuwapo jarida la Kakakuona, la habari za wanyamapori, ambalo fadhila yake kubwa ni kwamba lilimkumbuka msomaji wa Kiswahili. Nakala zake kuukuu zikionekana kwa mtu, zisiachwe zikafungiwa maandazi.

Vitabu vya kuongoza wasafiri vya zama zetu, kama kile cha Henry Stedman juu ya Kilimanjaro kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2003, ni vya kweli na vimeandikwa na watu waliotoka jasho. Malalamiko yangu juu ya vitabu hivyo ni mengine: msomaji akivisoma vyote atadhani Tanzania ina mlima mmoja. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992 na ambayo mgeni huizuru kwa miguu kwa kuwa magari hayana njia humo, hupata kurasa chache. Msitu wa Amani kule Usambara Mashariki, hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, hupata chache zaidi. Na msitu wa Minziro, ulio katika mkoa wetu huu wa Kagera mpakani na Uganda, wenye ndege na vipepeo ambao mtu hawaoni kwingineko Tanzania, aghalabu hutajwa na wapenzi wa ndege tu. Biharamulo na Ngara hazitajwi kabisa, ila kama njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi.

Na hali haikuwa hivyo daima. Mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipita kwa miguu katika nchi ya Usui, ambayo leo imo ndani ya wilaya hizi mbili, wakatozwa hongo na watu wa mtemi Suwarora hadi wakachoka, kisha mwezi wa Novemba wakaingia Karagwe na kupokewa kwa ukarimu na mfalme Rumanyika, ambaye jina lake limepewa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Speke alichapisha khabari za safari hiyo mwaka 1863. Grant alimfuata mwaka 1864 kwa kitabu alichokiita A Walk across Africa, yaani alikiita matembezi, naye ndiye aliyeugua mguu kule Karagwe hata akaachwa nyuma kwa miezi, na alipoondoka mwaka 1862 akaondoka amebebwa kwenye machela. Hakuna aliye na haki zaidi ya kusikilizwa juu ya kutembea kuliko mtu aliyewahi kuukosa mguu wake. Vitabu hivyo havina tena haki ya mtu, na hupatikana bure katika maktaba za mtandaoni kama Internet Archive. Visomwe kwa hadhari, kwa maana macho yaliyoviandika yalikuwa na kiburi cha zama zao, na wapagazi waliobeba mizigo yote ile hawakupewa nafasi ya kusema. Lakini habari za mito, za hali ya hewa, za siku ngapi kutoka kambi hii hadi ile, ni hazina kwa mtu wa Nyantakara atakaye kujua ardhi anayoikanyaga ilisimuliwaje alipozaliwa babu wa babu yake.

Naomba msomaji asidhani ya kwamba Kiswahili hakikuwa na maandishi ya safari. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani mwalimu wa Kiswahili, alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, ambamo wenyeji wa pwani wenyewe walisimulia. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza safari yake ya Udoe hadi Uzigua. Selemani bin Mwenye Chande alieleza ya bara. Na Selim bin Abakari, aliyefuatana na Dakta Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akawasimulia Waswahili baridi ya nchi ambayo hakuna aliyepata kuiota. Mtindo wao ni mfupi na wa hakika: tumeondoka mahali fulani, tumefika fulani, maji yalikuwa mabaya, chakula kilikuwa ghali, watu wa pale desturi yao ni hii. Zaidi ya karne moja imepita, nami nathubutu kusema kuwa huo ndio mtindo unaofaa hadi leo. Baadaye likaja gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, ambamo wasomaji wa kila jimbo walipeleka barua na khabari za kwao. Silsila hiyo ikakatika, na leo mpenda matembezi asomaye Kiswahili amebaki yatima katika lugha inayosemwa na mamilioni.

Basi atake asitake, atasoma majarida ya ng'ambo. Backpacker la Marekani lilianza mwaka 1973, The Great Outdoors la Uingereza mwaka 1978, na Wild la Australia mwaka 1981, na yote matatu yana maarifa ya kuazima: namna ya kupanga mzigo ili uzito ulale nyongani na si mabegani, namna ya kutunza nyayo kabla lengelenge halijapasuka, namna ya kumwachia mtu nyumbani karatasi yenye njia yako na saa ya kurudi. Hiyo karatasi naisisitiza kuliko vifaa vyote vya bei kubwa. Ila kuna mambo ambayo, yakichukuliwa kama yalivyo, humponza mtu. Mwandishi wa Ulaya hukwambia kuwa jua la adhuhuri liko kusini, nawe ukikosa dira ulifuate. Na huko kwao ni kweli mwaka mzima. Nyantakara, iliyo karibu na Ikweta upande wake wa kusini, jua la utosi hupita kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hiyo mwenye kuifuata nasaha ile mwezi wa Julai atakwenda kinyume kabisa na alikotaka. Tena magazeti hayo hupambwa na matangazo ya makoti ya buluu na mabegi meusi, ilhali vitambaa vya mitego ya mbung'o hufanywa kwa rangi hizo hizo mbili kwa sababu ndizo zinazomvuta mdudu huyo, na nchi hii ya Biharamulo ni nchi ya mbung'o, iliyowahi kutaabishwa na malale. Vaa kaki, au rangi ya majani makavu. Kadhalika jioni ya kwao ni ndefu wakati wa kiangazi, mtu huweza kutembea hadi saa tatu usiku akiona njia. Huku kwetu jua likishatua kiza hakingoji.

Kuhusu mtandao wa intaneti, sina shaka ya kwamba kilicho bora kwa mtu wetu si kurasa za masimulizi bali ni ramani. Mradi wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, huruhusu mtu yeyote kuichora nchi yake na kuirekebisha, na programu kama OsmAnd na Organic Maps hukuwezesha kuipakua Tanzania nzima katika simu ukiwa mjini, kisha ukaitumia porini pasipo mtandao. Dar es Salaam imechorwa kwa namna hiyo na wanafunzi na wananchi wa mitaani, katika kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, na mwaka huo huo wakaanza watu wa Crowd2Map kuchora vijiji vya Tanzania vilivyokuwa havionekani. Tovuti za AllTrails na Wikiloc, ambazo watembeaji hupeleka humo njia walizopita, ni nzuri palipo na wapitaji wengi. Kwa Kilimanjaro, Meru na Usambara mtu atapata cha kumfaa, lakini kwa nchi yetu hii asitegemee kitu.

Nilikwenda ukingoni mwa msitu pamoja na mrina asali mmoja, mzee wa makamo aliyekonda, mwenye panga na kamba tu, nikamwonyesha simu yangu ambamo barabara kuu ilichorwa, na vijiji, na baada ya hapo rangi ya kijani tupu. Akaitazama kwa adabu, akaniuliza, "Mwalimu, na njia hii tunayokanyaga iko wapi?" Nikamjibu kuwa bado haijaandikwa. Akacheka kidogo, akasema, "Basi nifuate mimi, mwanangu." Akaenda akinionyesha miti iliyochunwa magome kwa ajili ya mizinga, mmoja baada ya mwingine, kovu la kila mti likiwa limetazama upande ambao watu walitokea, na tulipofika kwenye korongo lililokauka, ambalo mimi ningelivuka bila kulitazama, alipiga magoti, akachimbua mchanga kwa mikono hadi kina cha kiwiko, tukangoja, maji yakajikusanya taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa, kisha yakatulia. "Hapa hayakosekani hata Agosti," akasema, "lakini kule mbele ng'ambo ya kilima hakuna kitu, usidanganywe na nyasi za kijani." Maneno hayo mawili, la maji yaliyopo na la maji yasiyokuwapo, ndiyo kitu ambacho sijakikuta katika jarida lolote, wala katika tovuti.

Kuna jingine ambalo msomaji hana budi kulipima kwa tarehe, nalo ni majina na sheria za mahali. Anayekuta ukurasa unaosema Pori la Akiba la Biharamulo au la Burigi ajue kuwa umeandikwa kabla ya mwaka 2019, kwa kuwa mapori hayo, pamoja na la Kimisi, yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na taratibu zake sasa ni za hifadhi ya taifa: kuna kiingilio, na matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari mwenye bunduki, maana nyati na tembo hawasomi majarida. Ukurasa unaoiweka Chato ndani ya Kagera ni wa kabla ya mwaka 2012, ulipoundwa mkoa wa Geita. Na kitabu kinachotaja Mkoa wa Ziwa Magharibi ni cha zamani zaidi, cha kabla ya vita vya Kagera au cha wakati wa vita hivyo. Misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu nayo haiingiwi kiholela. Kibali huombwa, na anayekiomba kwa heshima aghalabu hupewa pamoja na maarifa ambayo hakuyatarajia.

Hadhari ya tarehe inahitajika zaidi katika habari za usalama. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa miguu kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo mapori ya kutoka Nyakanazi hadi Biharamulo yakajulikana kwa unyang'anyi, hata mabasi yakasindikizwa na polisi wenye silaha. Maonyo yaliyoandikwa wakati huo yalikuwa ya haki. Yangali yanazunguka hadi leo katika kurasa ambazo hakuna aliyezirekebisha, na yanawafukuza watu. Kwa upande mwingine zimo kurasa za sifa tupu ambazo hazina onyo hata moja, nazo zinawaponza. Dawa ya yote mawili ni kupita kwanza ofisi ya kijiji na kituo cha polisi, kuuliza hali ya wiki hii, si ya mwaka juzi. Nasema hayo pia kwa sababu nyingine: katika Ngara wapo wengi ambao kutembea mwendo mrefu kulikuwa msiba wao mkubwa, na mgeni aendaye kwa starehe yampasa awasalimu kwa staha na asiwaulize wasilotaka kusema.

Kwa mwenye kutaka orodha ya mwanzo, basi: ramani ya Idara ya Upimaji na Ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000, ambayo mistari yake ya miinuko ni ya kuaminika ingawa barabara na vijiji vyake vimepitwa na wakati, ramani ya OpenStreetMap ndani ya simu, Speke na Grant kwa historia, majarida ya ng'ambo kwa ufundi wa mwili na mzigo, na nakala za kale za Tanganyika Notes and Records, ambazo hutafutwa katika Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967. Halafu daftari tupu.

Daftari hilo ndilo jarida ambalo Nyantakara haijawa nalo. Shule ya sekondari yoyote ya Biharamulo au Ngara, yenye mwalimu mmoja wa jiografia anayependa kutembea, inaweza kulianzisha bila fedha za mfadhili: kila njia ukurasa wake, tarehe, mahali pa kuanzia, saa za mwendo kwenda na kurudi, maji yalipo na yasipo, mahali pa mbung'o, kibali kilitoka wapi, na jina la mwenyeji aliyeonyesha njia likiandikwa kwa idhini yake. Mwanafunzi mwenye simu airekodi njia hiyo na kuipeleka katika OpenStreetMap, kisha muhtasari wake upelekwe kwenye magazeti yanayopokea makala za wasomaji. Wa kwanza kuulizwa wawe warina asali, na kazi ianze kiangazi hiki, kati ya Juni na Agosti, wakati nyasi zimelala na makorongo yanaonyesha kwa hakika yapi yana maji chini ya mchanga na yapi hayana.